Kwa Niaba ya Mama

Benchi la kijiwe cha kahawa lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na aliyekaa upande wa tofali alijua asicheke sana. Siku hiyo alikaa Fundi, mshona nguo wa duka la pili, na hatari ya kucheka haikuwapo. Mama yake alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, na daktari alitaka karatasi isainiwe ndipo ampasue kesho asubuhi. Kaka mkubwa, anayeishi mbali na kuagiza kwa simu, alisema: "Saini wewe kwa niaba yangu." Basi Fundi akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaja nayo kijiweni badala ya kwenda nayo wodini. Alikuwa anaogopa. Kila akishika kalamu alimwona mama yake amefunikwa shuka mpaka usoni.

— Hebu tuione, alisema Wakili. Jina hilo alilipata siku alipotoa ushahidi wa mbuzi aliyeibwa, akaongea mpaka mwenye mbuzi akafuta kesi.

— Imeandikwa "mgonjwa au mwakilishi," Fundi alisema. Mwakilishi si ndiye mimi?

— Wapi! Mwakilishi ni kaka yako. Wewe ni mwakilishi wa mwakilishi.

— Sasa niandikeje?

— Andika "k.n.y." mara mbili.

Muhuri akatikisa kichwa. Huyu alikuwa tarishi mstaafu, amebeba mafaili maisha yake yote bila kufungua hata moja.

— K.n.y. mbili zinafutana, bwana. Kule ofisini mkubwa alisafiri, naibu akasaini kwa niaba ya mkubwa, karani akasaini kwa niaba ya naibu. Barua ikaenda, ikarudi. Wakasema haina mwenyewe.

— Barua ya nini?

— Ya kunistaafisha. Nikafanya kazi mwaka mzima zaidi.

Muuza kahawa akawaongezea bila kuulizwa.

— Sikilizeni, jamani, Fundi alisema. Shida yangu si k.n.y. Mama akifia mle ndani, saini itakuwa ya nani?

— Ya kaka yako, alisema Wakili.

— Na akipona?

— Ya kwako.

Fundi alitamani kuamini.

— Saini kwa mkono wa kushoto, Muhuri akashauri. Wakija kuchunguza, watakuta haifanani na yako. Umepona.

— Kushoto ndiko ninakoandikia.

— Basi kulia.

Fundi akatoa chaki ya kukatia nguo. Mapajani alikuwa na suruali ya shule aliyokuja nayo aipinde miguu, akaanza kujaribu saini za mkono wa kulia juu yake. Ya kwanza ilifanana na mdudu. Ya tatu ilifanana na mdudu aliyekanyagwa.

— Mimi nasema tusaini wote, Wakili alisema, sasa amesimama kabisa. Wanne. Likitokea la kutokea, kila mtu anabeba robo. Nani atafungwa kwa robo?

— Mimi nina mke, alisema muuza kahawa.

— Robo yako tutamgawia Muhuri.

— Nusu mimi? Kwa mama wa nani?

Hapo ndipo alipofika mwenye suruali, yaani mama wa mtoto anayeisubiri. Alikuta duka limefungwa, akaelekezwa kijiweni. Aliitazama suruali ilivyojaa michoro.

— Fundi, mwanangu anavaa nini kesho?

— Nisamehe, dada. Ni chaki, inafutika.

Akamweleza yote, mpaka ile habari ya robo. Yule dada akasikiliza hadi mwisho.

— Pole sana, kaka. Kwani mama hajitambui?

— Anajitambua. Asubuhi kamfukuza muuguzi aliyemletea chai ya baridi.

— Kuandika hajui?

— Anajua. Ripoti zangu zote za shule alizisaini yeye.

— Sasa kwa nini asisaini mwenyewe?

Wakili akaketi. Muhuri alichungulia ndani ya kikombe. Wote wakamgeukia muuza kahawa, naye akasema kahawa imekwisha, ingawa birika alilinyanyua kwa mikono miwili.

Fundi aliona aibu ya kweli. Tangu mama alazwe, alikuwa akimzungumzia na kaka yake kwa simu ukumbini, kwa sauti ya chini, na akiingia wodini anamuuliza kama amekula. Akatoa simu.

— Mama, shikamoo. Daktari anataka kukupasua nyonga.

— Marahaba. Najua. Alinieleza siku ileile niliyoanguka.

— Unaogopa?

— Naogopa, nitaachaje? Lakini nataka kutembea, mwanangu. Huku kubebwa chooni kumenichosha.

— Kuna karatasi ya kusaini.

— Hiyo ndiyo ninayoiulizia! Naambiwa mwanao kaondoka nayo. Kalamu ninayo hapa chini ya mto tangu jana. Niletee karatasi yangu. Na ole wako uwe umeikunja.

Fundi akainyoosha juu ya benchi kwa kiganja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaishika mkononi ikiwa wazi, akaenda.