Aliomba Likizo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka nesi wa wodi ya wazazi, mama wa watoto wawili, aliyeuawa na presha akiwa kazini. Wenzake walimwita Bi Mlango.

Kwa nini Bi Mlango? Saa ya chakula ikifika, aliwasukumia manesi vijana kwenye chumba chao, akafunga mlango, akasimama nje, mikono kiunoni. Daktari akija juu, manesi wako wapi? "Wanakula. Shida yako niambie mimi." Wagonjwa walicheka chini kwa chini, na daktari akawa mpole.

Lakini yeye, nani alimlindia mlango? Hakuna. Manesi waliacha kazi, nafasi zao hazikujazwa, naye badala ya wodi moja akahudumia mbili. Jioni alifika nyumbani miguu imevimba, viatu havivuliki. Mdogo wake anasimulia: "Nilimwambia, dada, utatufia. Akanijibu, 'Nife saa ngapi? Hata nafasi sina.' Akacheka. Mimi sikucheka."

Presha ikapanda. Akaomba likizo. Nasema tena, wasikilizaji: aliomba likizo. Akaambiwa asubiri, watu hawatoshi. Akaomba tena. Akaambiwa yeye ndiye nguzo ya wodi. Hee! Yaani nguzo haichoki? Mchana mmoja, alipokuwa anatoka kumlaza mtoto mchanga kitandani, akaanguka. Hakuamka tena.

Sasa sikilizeni ya msibani. Mkuu wa hospitali alishika maikrofoni, sauti laini kama mafuta. "Marehemu alikuwa mfano kwetu. Hakuwahi kuomba likizo."

Mdogo wake akasimama. "Aliomba. Mlimnyima."

"Mama, tuuheshimu msiba."

"Msiba ni wangu! Dada yangu alisema amechoka. Alisema kwa mdomo wake, mkamsikia."

Nyuma kabisa, manesi wakainuka na sare zao, mmoja baada ya mwingine. "Aliomba," wakasema. Mkuu akarudisha maikrofoni, akakaa.

Kwa mume wake, watoto wake na mdogo wake: poleni sana, tunalia nanyi. Na hapa hatumwiti shujaa aliyejitoa mhanga. Hakujitoa. Alikuwa mtu, alichoka, akasema.

Wewe unayenisikiliza, kesho nesi akikujibu kwa mkato, muulize kwanza kama amekula. Nanyi wakuu wa hospitali, najua mnanisikiliza. Kuna nesi ameomba likizo leo. Mpeni.