Maisha ya Adrisi Kirunda, Mpiga Chapa wa Namatala

Ndugu waombolezaji, asalaam aleikum. Mimi ni Aminah, binti wa pili wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitasoma hata yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Mzee Adrisi Kirunda alizaliwa Mafubira, Jinja, tarehe 14 Machi 1953, akasoma msingi hukohuko hadi mwaka 1967, na Januari 1969 akaajiriwa na Bwana Vallabh, mwenye kiwanda cha kupiga chapa mjini Jinja, ambaye alipoondoka nchini mwaka 1972 alimwachia sanduku la herufi za mbao, kubwa, nene, zenye miguu mipana ya mraba, zilizokwisha kuchubuka kwa kazi. Mwaka 1980 alihamia nazo Mbale, akafungua duka hapa Namatala, na tarehe 6 Desemba 1981 akamwoa mama yetu, Nusifa Namono wa Busiu, wakajaliwa watoto wanne, na kwa miaka arobaini matangazo ya mechi na harusi za mji huu yalitoka mikononi mwake.

Asubuhi ya tarehe 9 Julai 2021 soko lilikutwa limebandikwa karatasi zilizosema MAHINDI YA SWAIB YANA SUMU, kwa herufi ambazo kila mtu alizijua, na kwa kuwa Swaib, jirani yetu mfanyabiashara, aliwahi kugombana na baba kuhusu ukuta, hakuna aliyeuliza mara mbili. Wateja wakahama, salamu zikakatika, hata msikitini watu wakawa wanaacha nafasi pembeni yake. Baba alisema mara moja tu, "Herufi ni zangu, mkono si wangu."

Sikumwamini. Ijumaa moja alipokwenda kuswali nilifungua sanduku, nikazilinganisha herufi na karatasi, nikaona kwamba A zote tano za kwenye karatasi zina ufa mmoja, mahali palepale, ilhali za baba kila moja ina jeraha lake. Mtengeneza mabango mmoja wa Jinja akanionyesha kwenye kompyuta herufi hizohizo, zimegeuzwa kuwa za kompyuta, A moja ikijirudia na ufa wake, zikiuzwa na mgeni mmoja aliyekuja dukani kwa baba mwaka 2018 kuzipiga picha, akidai anapenda vitu vya zamani, hivyo yeyote mwenye simu au kompyuta angeweza kuzinunua na kuzitumia.

Nilipomweleza baba, alisema, "Najua ulifungua sanduku. M umeirudisha juu chini."

Nilipomwonyesha Swaib ufa ule, alikuja kumwomba baba radhi, lakini wateja hawakurudi. Kisukari kilimwanza baba mwaka 2022, figo zikachoka Oktoba iliyopita, akafariki hospitalini hapa Mbale juzi, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapiga chapa wenzake, majirani, na Swaib aliyemlipia baba gari la kumpeleka kliniki bila kuombwa.

Nawe uliyebandika karatasi zile, wenye simu ni wengi, lakini wenye kinyongo na Swaib ni wachache, na wengine wameketi hapa. Chakula kipo, kula, ila mchanga wa kaburi la baba usiuguse.

Baba, wewe pumzika. Sisi bado tunawatazama.