Mama Bilha Anastaafu, Awut Bado Hajatukubali

Ijumaa, Juni 27, Bi. Bilha Wasike atarudisha ufunguo wa ofisi yetu ya Lodwar baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhimiza afya Turkana. Alipotoka kwao Webuye aliwaaga watu akisema anakuja kwa mwaka mmoja tu. Hatujui hesabu nyingine aliyowahi kukosea.

Alianza na pikipiki na mabango. Miaka ya karibuni kazi yake imekuwa kusoma mitandaoni watu wanasemaje kuhusu antibiotiki: nani ananunua bila kuandikiwa, nani anaacha dozi akipata nafuu, nani anamgawia jirani zilizobaki. Ni kazi ya kusikiliza. Sisi wenzake tulidhani ni ya kuhubiri.

Ndiyo maana mwaka jana tuliripoti kwa fahari kwamba mjadala wa antibiotiki umewaka moto kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni wa Lodwar. Mkaidi mmoja alidai kidonge kimoja kinatosha kuponya mafua, na mama mmoja mkali akawa anamjibu kutwa. Mkaidi nilikuwa mimi, Kariuki, kwa jina bandia, nikiwachokoza wananchi waseme. Mama mkali alikuwa Bilha, meza ya pili kutoka kwangu, naye kwa jina bandia. Wananchi wenyewe walikuwa wametuachia ukurasa zamani. Tulipogunduana, Bilha alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilibaki, kwa sababu mkubwa wetu alikuwa bado hajacheka.

Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, hapakuhitaji uchochezi. Awut, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, ana kundi la WhatsApp la akina mama, na humo watu husema ukweli. Bilha aliingia, akasalimia, akauliza hali za watoto, kisha wiki nzima akawa anasoma tu wanayoandika. Mimi niliingia na taarifa ya kurasa nne. Awut akaandika: “Huyu mtu ya ofisi hajui salamu, anatupa tu makaratasi. Nimetoa yeye.” Chai ya saa nne ilinikuta nje ya kundi.

Mwezi Machi, Nyachuol, mmoja wa akina mama hao, aliandika humo akimshukuru jirani kwa vidonge alivyobakisha, kwa kuwa mwanawe alikuwa anakohoa. Bilha hakumgombeza. Aliuliza mtoto anapumuaje. Nyachuol akatuma sauti ya mtoto akipumua, Bilha akasikia pumzi za mbiombio, akamsihi amkimbize kliniki saa ileile. Ilikuwa nimonia. Mtoto yuko hai. Ningekuwa mimi, ningemtumia bango.

Kwa hiyo tunaogopa, na tunasema wazi: akiondoka, nani atauliza? Wiki iliyopita alimwomba Awut anipokee mahali pake. Jibu likaja: “Mama Bilha anabaki, yeye ni wetu. Huyo mwingine ajifunze kwanza kusalimia watu.” Nimeanza mazoezi. Lomenen, mlinzi wetu, hunirudisha getini kila asubuhi, maana mimi husema ejok, salamu ya Kiturkana, nikapita kabla hajajibu.

Ahsante, Mama Bilha, kwa masikio yako. Nenda ulime mahindi yako, uamke upendapo. Tunakutakia maisha mema na mtandao usiokatika. Ila simu usizime: mpaka Awut anikubali, mtoto akikohoa Kakuma, ofisi bado ni wewe.