Twahir wa Mipini ya Mbele

Baada ya miaka ishirini na sita ya kubeba machela, Bwana Twahir Abdulrauf anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu wa Juni. Afueni Ambulensi inampoteza mfanyakazi wake anayejulikana kuliko wote. Anajulikana kuliko kampuni yenyewe, na anajulikana mara elfu kuliko mwandishi wa wasifu huu, Wahome, ambaye kwa miaka ishirini na miwili ameshika upande wa pili wa machela hiyo hiyo.

Bi Debra, meneja wetu, ndiye aliyeniagiza niandike kwa ajili ya jarida letu litakalogawiwa kwenye sherehe ya kumuaga. Alisema hakuna anayemjua Twahir kuliko mimi, na ni kweli, hasa kisogo chake. Tangu niajiriwe, yeye hushika mipini ya mbele na mimi ya nyuma. Wa mbele ndiye anayetangulia uwanjani, anayepigwa picha na kushangiliwa. Wa nyuma huutazama uso wa mgonjwa na mgongo wa mwenzake. Kuanzia Julai mipini ya mbele haitakuwa na mwenyewe, na Bi Debra ameamua kwamba mrithi atachaguliwa na Twahir. Basi naomba msomaji ajue mapema kwamba mipini hiyo naitaka. Nimeitaka tangu wiki yangu ya kwanza kazini.

Twahir ni mtoto wa mwalimu wa madrasa aliyehama Mombasa na familia yake na kuja kufundisha katikati ya jiji. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akiuza vitambaa katika duka la amu yake, Biashara Street. Siku moja mteja alizimia pale dukani. Watu wetu walipofika walimkuta Twahir amepiga magoti nje ya duka, mteja amelazwa juu ya jora la kitambaa, mkono mmoja wa Twahir umeinuliwa, na barabara nzima imesimama kumtazama. Mkubwa wa wakati huo alimwajiri palepale. Mimi niliandika barua ya maombi na nikaitwa kwa usaili mara tatu.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kumwona kazini, mambo yalikuwa hivi. Refa akipuliza kipenga na kutuita, Twahir alikuwa akikimbia huku ameinua magoti juu mpaka kifuani. Akifika kwa majeruhi alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pa mtu, kisha akainua kidole kimoja. Uwanja mzima ulinyamaza. Nimeona viongozi wa dini wakiomba kimya kwa dakika nzima wasikipate, naye alikipata kwa kidole. Halafu alisimama polepole, akainua gumba kuonyesha kwamba mambo ni sawa, na watu wakalipuka kwa shangwe. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mgonjwa bandeji.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema. Twahir alikuwa mzuri na bado alijitembeza.

Alipata sifa yake kubwa kwenye mpira, kwa wale wachezaji wanaojiangusha. Sote tunawajua. Timu inaongoza bao moja, dakika zimebaki chache, na ghafla mshambuliaji anaanguka huku ameshika goti ambalo hakuna aliyeligusa. Anagaagaa, analia, anamwita mama yake kwa kelele. Wabeba machela wa kampuni nyingine hutembea taratibu kumfikia, nao muda unaliwa. Twahir aliamua kufanya kinyume. Alifika mbio kabla jamaa hajamaliza kugaagaa, akamtupa kwenye machela na kumfunga mikanda mitatu. Hapo ndipo mgonjwa alipopona.

Nayakumbuka maneno ya mmoja wao, winga mwenye nywele za rangi, kwa sababu aliyasema usoni pangu.

"Zii, mzee! Niko fiti! Wacha nishuke!"

"Tulia mwanangu," Twahir akamjibu bila kugeuka. "Umeumia wewe. Sote tumekuona."

Tukambeba hadi kona ya mbali kabisa, huku timu yake imebaki na watu kumi. Kabla hajafunguliwa mikanda na kuruhusiwa kurudi, bao la kusawazisha lilikuwa limeshaingia. Mashabiki wa upande wa pili waliimba jina la Twahir mpaka wakatoka uwanjani. Tangu siku hiyo, tukikaa tu kwenye benchi letu, wachezaji waliokuwa wanataka kuanguka walikuwa wakitutazama kwanza. Chama cha marefa kilimtunuku cheti cha shukrani, na cheti hicho kimetundikwa kwenye ofisi yetu ya Kilimani, mahali ambapo kila anayeingia lazima akione. Mimi hukiona mara nne kwa siku, kwa sababu meza yangu iko mkabala nacho.

Katika siasa mambo yalikuwa ni hayo hayo, ila suti zilikuwa ghali zaidi. Kuna mheshimiwa mmoja, sitamtaja, ambaye wasaidizi wake walikuwa wakitupigia simu kabla ya maandamano kuuliza kama machela itakuwa safi. Alipofika katikati ya jiji na kamera zikamgeukia, alizimia vizuri sana, huku mkono mmoja umebaki juu ukipungia wananchi. Twahir hakumuumbua. Kwetu hiyo ni sheria: hata anayeigiza ni mgonjwa wetu mpaka ashuke kwenye machela. Alivua koti lake akamfunika, akaloweka leso kwa maji akamwekea kwenye paji la uso, kisha akatazama mbali kwa huzuni. Kesho yake picha ilikuwa ukurasa wa kwanza. Twahir alionekana mwili wote, kuanzia kofia hadi viatu. Mheshimiwa alionekana kidevu. Mimi nilionekana mikono miwili. Maandishi ya chini yalisema hivi: Bwana Twahir Abdulrauf na mwenzake.

Mama yangu, kule Dagoretti, aliikata picha hiyo akaibandika sebuleni. Wageni wakimuuliza mwanawe yuko wapi, anainuka na kuwaonyesha ile mikono. Nilimwambia aitoe. Alikataa, akasema mikono yangu ameilea yeye na anaitambua. Nilishukuru, lakini sikufurahi.

Kuhusu burudani nitataja kisa kimoja tu. Palikuwa na mwanamuziki aliyekuwa na desturi ya kuanguka jukwaani mwishoni mwa kila tamasha, akibebwa nje huku mashabiki wakilia. Wasimamizi wake walitukodi kwa msimu mzima. Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mara ya pili Twahir aliongeza kidole. Mara ya tatu, katika bustani ya jumba moja kule Lavington, alipiga magoti, akavua kofia, akafuta chozi. Watu mia tatu walimwangalia yeye, hakuna aliyemwangalia mwanamuziki. Yule bwana alifumbua jicho moja, akaona mambo yanavyokwenda, akainuka na kuimba nyimbo nne zaidi ambazo hazikuwa kwenye ratiba. Njiani kuelekea kwenye gari alinung'unika, "Huyu buda ananiibia show." Nilitamani kumkumbatia. Kwa miaka yote nilidhani niko peke yangu.

Haki inanilazimu niseme pia kwamba nimewahi kupata nafasi yangu. Mwaka juzi Twahir alishikwa na homa, nikapewa mipini ya mbele kwa mechi moja, na Nanjala, dereva wetu, akashika ya nyuma. Nilifanya mazoezi ya kidole mbele ya kioo. Mchezaji akaanguka, nikakimbia na magoti juu, nikapiga magoti, nikainua kidole. Jukwaa likauliza kwa sauti moja, "Twahir ako wapi?" Mwingine akaongeza, "Rudisha mwenyewe!" Nanjala alicheka mpaka machela ikatetemeka. Jioni hiyo Twahir alinipigia simu kutoka kitandani kuniuliza mechi ilikwendaje, nami nikamwambia ilikwenda vizuri.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nitasimulia sasa jambo ambalo halikupigwa picha.

Miaka kadhaa iliyopita kipa mmoja kijana alianguka bila kuguswa. Timu yake ilikuwa ikiongoza, kwa hiyo kila mtu alijua ni yale yale. Mashabiki walimzomea, refa alimwonyesha saa. Twahir alifika kwa mbwembwe zake zote, na kidole kikapanda. Mimi nilikuwa upande wa kichwa, kama kawaida ya wa nyuma, na niliuona uso. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilisema, "Twahir, huyu ni wa kweli." Hakuniuliza nimejuaje. Hakugeuka hata kutazama. Kidole kilishuka, magoti yakashuka, na yule mtu wa mbwembwe akatoweka kabisa. Tulikimbia kimya, mimi nikakandamiza kifua cha kijana ndani ya ambulensi mpaka hospitali kubwa karibu na Upper Hill, na Twahir akawa ananihesabia kwa sauti ili nisipoteze mwendo. Kijana yuko hai. Siku hizi anafundisha makipa wadogo.

Mtangazaji wa redio alipomhoji Twahir, alisema wazi kwamba mwenzake Wahome ndiye aliyeona. Nilikuwa nimesimama pale, nikasikia kwa masikio yangu. Kipindi kiliporushwa, sehemu hiyo ilikuwa imekatwa kwa sababu ya muda. Twahir alikasirika kuliko mimi. Alipiga simu redioni mara mbili, akaongea Kiswahili cha Mombasa ambacho sikuelewa nusu yake, na nusu niliyoielewa haifai kuchapishwa katika jarida hili.

Katika miaka yake amewafundisha kazi vijana wengi, na wote wanajua kufunga mikanda mitatu upesi. Mkewe, Bi Mwanasiti, ametulisha pilau kila Idi na hajawahi kusahau kwamba mimi sili nyama ya mbuzi. Anastaafu mgongo wake ukiwa mzima, jambo ambalo katika kazi yetu ni muujiza. Wangu una matatizo. Wa nyuma ndiye anayebeba upande mzito.

Sasa nije kwenye Jumamosi iliyopita, mechi yake ya mwisho. Uwanja ulijaa, na wengine walibeba mabango yenye jina lake. Tulikaa kwenye benchi letu mpaka kipindi cha pili ndipo beki mmoja akaanguka. Twahir alisimama, akazunguka machela, akashika mipini ya nyuma.

"Leo shika mbele wewe," akaniambia.

"Watu wamekuja kukuona wewe, mzee."

"Na wamekwishaniona. Enda, Wahome, mtu yuwaumia pale!"

Nilikwenda. Nilimpakia beki, nikafunga mikanda, nikainua machela, nikageukia jukwaa. Halafu sauti niliyoijua ikaanza tena, "Twahir ako wapi?" Nilisema moyoni kwamba basi, imethibitika, nami nitaandika wasifu huu kisha nitaomba kuhamishiwa stoo.

Ndipo nyuma yangu Twahir akapaza sauti, ile sauti ya kunadi vitambaa Biashara Street. "Huyu hapa ni Wahome! Mwiteni jina lake! Wa-ho-me!" Akaita tena. Nanjala akaitikia kutoka kwenye gari. Safu ya kwanza ikashika, kisha ya pili, na kabla hatujafika kwenye mstari uwanja mzima ulikuwa ukiimba jina langu. Nilisahau kila kitu. Nikainua mkono kuwapungia, machela ikaenda mrama, na beki akapiga yowe, "Buda, unaniangusha!" Watu wakacheka, wakashangilia zaidi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na siamini kwamba nitaipata tena.

Twahir alimpigia Bi Debra akiwa bado anatokwa na jasho, akamwambia ameshachagua. Kwa hiyo mipini ya mbele ni yangu. Sherehe hii ikiisha, ni yangu rasmi.

Lakini nilipokaa kwenye gari tukirudi Kilimani, wivu ulinipanda upya, tena vibaya zaidi. Kwa miaka ishirini na miwili nimeamini kwamba shida ilikuwa ni mipini. Niliamini kwamba aliyesimama nyuma hawezi kusikika. Kisha yeye akasimama nyuma mara moja tu, akaufanya uwanja mzima uimbe, tena jina la mtu mwingine. Nilikuwa mahali pale pale, na koo ninalo, na kila Jumamosi nilimwona mbele yangu. Sikuwahi kuliita jina lake.

Kwa niaba ya Bi Debra, Nanjala na wafanyakazi wote wa Afueni, asante sana, Mzee Twahir. Tunakuombea afya, pilau na usingizi wa mchana, wewe na Bi Mwanasiti, na maisha yawe mema kuanzia asubuhi ya tarehe mosi. Ombi langu ni moja tu. Jumamosi ijayo tuna mechi. Tafadhali usije. Na kama utashindwa kabisa kukaa nyumbani, basi kaa jukwaa la mbali, na usiwe wa kwanza kuita jina langu. Nyamaza kidogo, ndugu yangu, tusikie kama yupo mwingine atakayeita.