Dada Bahasha na Dakika Kumi na Moja

Leo, tarehe 30 Juni, Dada Bahasha anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na minne na miezi miwili, yote katika idara ya eksirei, na ishirini na sita kati yake katika chumba kimoja. Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido ya chini, ukishapita jenereta na mlango wa dobi. Wengi mtakaosoma ukurasa huu hamjawahi kufika huko. Msijitetee, hata mimi katibu wenu wa chama sikuwa nimefika mpaka mwezi uliopita.

Aliajiriwa kuosha filamu katika chumba cha giza, akawa anarudi nyumbani nguo zinanuka dawa hadi abiria wenzake wanafungua madirisha. Alipohamishiwa kwenye hifadhi ya filamu alikuta bahasha za wagonjwa zimelundikana sakafuni. Alizipanga zote kwa namba, na jina likaanzia hapo. Vijana walioajiriwa juzi walijaribu kumwita Mama Bahasha kwa heshima. Akawaambia umama anao mmoja tu, wa binti yake aliye mbali, na hapa kazini ni dada mpaka siku ya kutoka.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa idarani, yeye ndiye aliyeingiza rejista nzima kwa vidole viwili, kazi ya miaka mitatu. Matunda yake tuliyaona. Kuna dereva wa lori aliyekuwa amepangiwa kupasuliwa kwa sababu ya doa kifuani. Dada alileta filamu yake ya miaka kumi na miwili nyuma, na doa lilikuwepo vilevile, halijakua hata kidogo. Dereva akarudi kwake na kifua kizima.

Miaka miwili na nusu iliyopita tukaletewa skana mpya ya filamu, ili picha za zamani ziingizwe kwenye kompyuta. Wakati huohuo zikaja kompyuta mpya kumi na mbili. Zote zilipanda ghorofa ya juu, kwa watu wanaoandika barua mbili kwa wiki. Skana ilishuka chini peke yake, ikakaa ndani ya boksi miezi sita. Kisha ukatoka waraka kwamba filamu zote zimeuzwa kwa jumla kwa wanunuzi wanaoziyeyusha kupata fedha ile ya vito, na kwamba lori litazichukua Jumatatu ya kwanza baada ya Dada kustaafu. Filamu zilikuwa zaidi ya elfu thelathini. Kitakachokuwa hakijapigwa picha siku hiyo, kimekwenda.

Fundi wetu wa kompyuta aliitwa, akaitazama mashine ya Dada, akacheka. "Dada, hii ni ya makumbusho."

"Basi tupeleke wote wawili," akamjibu. "Tumeanza kazi karibu pamoja."

Fundi aliondoka na hakurudi. Dada alikwenda mwenyewe kwa wauza vipuri vya mitumba, akapata kadi ya kuongeza matundu, maana kebo ya skana haikuwa na pa kuingia. Akafungua mashine kwa bisibisi ya cherehani yake na kuipachika. Programu ya skana ikakataa, ikasema kompyuta ni ya kizamani mno. Akatafuta ya skana nyingine ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka miaka mingi kabla, akaiweka hiyo. Skana mpya ikadanganyika kwamba ni kaka yake mkubwa, ikawaka.

Uongo huo ulikuwa na gharama. Kila filamu ilichukua dakika kumi na moja, na katikati ya safari kompyuta ilisimama kuuliza kama iendelee. Isipojibiwa ndani ya dakika moja, inafuta kila kitu. Swali halikuwa na saa maalumu. Ikabidi mtu akae pale, macho kwenye kioo. Mtu huyo alikuwa yeye, miaka miwili, hata muda wa chakula.

Sisi tulionaje? Tuliona haji kantini. Tuliona hahudhurii vikao. Tukasema anaringa, kwamba amekaribia kustaafu na sasa anatuona wadogo. Mimi mwenyewe nilisimama kikaoni na kupendekeza jina lake lifutwe kwenye kamati kwa utoro, na nyote mkanyoosha mikono. Hakuna aliyeshuka ngazi kumi na nane kwenda kumuuliza.

Alijua hatazimaliza, kwa hiyo alijiwekea sheria: walio hai kwanza. Kila Alhamisi aliomba orodha za kliniki za wiki inayofuata, kuanzia Jumatatu, akatoa bahasha za wanaotarajiwa. Rafu ya marehemu aliiacha ya mwisho. Katika rafu hiyo kuna bahasha ya mumewe, fundi bomba wa hospitali hii, shemeji yetu sote, aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu miaka tisa iliyopita. Dada aliandika barua kuomba apewe bahasha hiyo moja. Akajibiwa kwamba filamu ni mali ya hospitali na mzigo umeshauzwa. Jibu lilichapwa kwenye mojawapo ya zile kompyuta kumi na mbili.

Nilipomfuata kule chini mwezi uliopita kumtaka sahihi ya fomu, ndipo nilipoyaona haya yote. Nikamwambia aipige picha filamu ya shemeji, ni dakika kumi na moja tu, nani atajua.

"Shemeji yako hana miadi Jumatatu," akasema, akabonyeza kitufe cha kuendelea.

Jumanne iliyofuata aliitwa makao makuu kwa karatasi za mafao, siku nzima. Nilikuwa nimemwomba anifundishe, nikakaa kwenye kiti chake. Ni chumba cha kumsahau mtu. Jenereta inanguruma, taa moja, na kinachozungumza nawe ni kompyuta inayouliza kama iendelee. Mpaka jioni hakuna mtu aliyepita mlangoni.

Filamu elfu kumi na nane na mia saba zimeokolewa na mikono yake miwili. Uongozi umeandaa cheti. Ningependa wajumbe wake waende kwanza wakakae kule chini saa moja, bila simu, kisha ndipo wamkabidhi.

Dada, Jumanne ile nilifika nusu saa kabla ya kazi kuanza. Muda huo haukuwa wa mgonjwa yeyote, ulikuwa wangu. Nilivunja sheria yako, na anayetaka kuniandikia barua ya onyo aniandikie. Mfupa wa mtulinga wa kushoto wa shemeji, ule wa begani, una alama ya mvunjiko wa zamani, na moyo wake unaonekana vizuri. Aliyempiga picha alisahau kumvua shati, kwa hiyo kuna vifungo vinne katikati ya kifua, na kimoja hakifanani na vingine. Nadhani unajua nani alikishona. Picha imechapwa, nitakukabidhi mwenyewe leo baada ya hotuba.

Jumatatu lori litakuja, lichukue linachochukua. Kwa niaba ya wote tusioshuka ngazi, samahani, na asante. Kapumzike nyumbani, Dada, wewe na shemeji.