Modesta Kondo na Tangi Lisilosuguliwa

Marehemu Modesta Kondo alizaliwa Kinole tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu wa Mzee Andrea Kondo na Bi. Scholastika. Mama yake alisema hakumpa shida ila moja: kutulia hakujui.

Alisoma shule ya msingi Kinole, sekondari Morogoro mjini, kisha ufundi wa maabara Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970.

Mwaka 1972 alifunga ndoa Ngerengere na Ignas Pazi, mfanyakazi wa reli. Mzee Ignas hakuambiwa kwamba bakteria wa maabara ya mkewe nao wangehamia kwake. Siku moja alirudi kutoka kazini ana kiu, akachukua glasi dirishani.

"Mama Rahel, mbona maji haya yanateleza?"

"Weka chini, baba. Hao ni wafanyakazi wangu."

Tangu 1974 Modesta aliongoza maabara ya kiwanda kimoja cha betri. Maji yenye madini ya risasi yalitoka pale hadi kwenye kijito, na kijito ndicho kilichomwagilia mchicha wa mtaa mzima. Wanawe waliula. Jambo hilo lilimkosesha raha mpaka mwisho. Kuna bakteria wanaojizungushia ute, na ute huo hunasa madini yenye sumu kama utomvu wa fenesi unavyonasa vidole. Modesta aliulea kwenye kokoto, ndani ya tangi la saruji, maji yapite hapo kwanza. Ute ukishashiba risasi, aliukwangua taratibu na kuufungia kwenye pipa. "Sumu haifi," alizoea kusema. "Imeshikwa tu."

Mwaka 1992 kiwanda kilitafutiwa mnunuzi. Wafanyakazi wakaitisha siku ya usafi, mgeni akute panang'aa. Wakasugua tangi kwa brashi na sabuni, wakaachia maji yaende na ute wote na risasi yake. Kesho yake samaki walielea kijitoni. Masikini, walidhani wanamsaidia! Modesta alilia mbele za watu, kisha akaanza upya.

Mnunuzi alipopunguza wafanyakazi, naye alikuwemo. Asubuhi iliyofuata alikuwa getini.

"Mama, shikamoo. Si walishakuachisha?" mlinzi alimwuliza.

"Marahaba. Mimi ndiyo. Maji je?"

Mlinzi akafungua, na akaendelea kufungua miaka yote.

Januari 1998 figo zilianza kumsumbua. Wodini aliulizia tangi kabla ya kuitikia salamu. Tarehe 9 Juni, Rahel, binti yake mkubwa, aliinama kitandani.

"Mama, nimetoka kule. Ute upo."

"Umegusa?"

"Nimegusa. Unateleza."

Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tulimwona ametulia. Alifariki jioni hiyo.

Ameacha mume, mabinti wawili, Rahel na Joyce, na wajukuu wanne. Rahel ameshazoeana na mlinzi wa getini. Wanaotaka kumsaidia wanakaribishwa, ila brashi waache nyumbani.

Mungu amjalie Modesta mapumziko ambayo mwenyewe hakuwahi kujipa.