Damu Iliyobaki Maabara

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa mzee mmoja na binti aliyevaa kitambulisho cha maabara ya hospitali. Mzee alipokiona tu, akaanza. "Mwanangu, mke wangu alitoa damu kwenu, kwa ule utafiti wa figo. Mpaka anafariki hatukuambiwa kitu."

"Pole sana, baba. Ruzuku ya serikali iliisha kabla hatujamaliza kupima. Tumeomba tena, lakini jopo linasoma maombi ya watafiti wote, na wachache ndio wanapata."

"Kumbe serikali inashindanisha wagonjwa?"

"Inashindanisha maswali ya utafiti, baba. Mwaka jana tulikosa kwa sababu waliopimwa walikuwa wachache mno. Kitakwimu, jibu lisingeaminika."

"Mke wangu hakuwa mchache," alisema mzee. Mimi nikageukia dirisha, maana hapo hata mtakwimu angenyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Hiyo damu mmeimwaga?"

"Hapana. Ipo kwenye friza, inasubiri."

"Kwa hiyo bado yupo kidogo."

Binti akaanza kukusanya vitu vyake. Treni ikasimama kituo cha hospitali. Mzee, aliyekuwa ameniambia anakwenda mwisho wa reli, akanyanyuka, akashuka naye.